Bei ya Gitaa la Besi Siyo Sauti Yake

Miongoni mwa wapiga magitaa wa kwaya na bendi, Kyela na kwingineko, imezoeleka kuaminiwa kwamba gitaa la besi la bei nafuu ni mbao tupu yenye nyuzi, na kwamba kwaya isiyomudu la gharama ni heri isubiri. Imani hiyo haina msingi katika utendaji wa chombo chenyewe, na inaendelea kuishi kwa sababu gitaa hubebeshwa lawama za vitu vingine.

Besi ya umeme haipazi sauti kwa tumbo lake kama zeze. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, huzalisha umeme dhaifu ambao amplifaya huukuza na spika huugeuza kuwa sauti, hivyo mbao ya kiwiliwili, ambayo wauzaji huisifia mno, mchango wake ni mdogo ukilinganishwa na ule wa nyuzi, pikapu na spika. Tena chombo hiki ni mtoto wa kiwanda: Precision Bass ya Leo Fender, iliyotoka Marekani mwaka 1951, ilibuniwa itengenezwe kwa wingi, shingo yake ikifungwa kwa skrubu kwenye kiwiliwili bapa, kwa hiyo anayeidharau besi ya leo kwa kuwa imekatwa na mashine anadharau asili yake.

Kinachoitesa besi Kyela ni hewa. Gitaa lililonunuliwa Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hushushwa hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa ulio karibu mita 500, mahali panapopata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mbao hunywa unyevu, shingo hupinda, nyuzi huinuka au huanza kukwaruza freti, yaani vile vipande vya chuma vinavyoikatisha shingo, na chombo huitwa feki kabla hakijarekebishwa. Dawa yake ni ufunguo mdogo wa pembe sita, unaozungushwa robo mzunguko kila mara kwenye fimbo ya chuma iliyofichwa ndani ya shingo, kazi ambayo gitaa la gharama nalo huihitaji katika hewa hiyohiyo.

Kisha ipo spika. Uzi mzito wa besi ukipigwa wazi hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, na kisanduku kidogo kilichonunuliwa kwa ajili ya maikrofoni ya mhubiri hakina uwezo wa kuusukuma mtetemo huo kwa nguvu, sembuse mvua ya Aprili inapopiga bati la kanisa. Kwaya inayobadilisha gitaa na kubakiza kisanduku hicho itapata ukungu uleule kwa bei kubwa zaidi.

Udhaifu wa kweli wa besi nafuu upo, nao ni wa kawaida mno kustahili hofu yote hiyo: vifunguo vya kukazia nyuzi hulegea, ncha za freti huchoma vidole hadi zipigwe tupa, na vitufe vya voliumu huanza kukoroma kutu inapoingia, ingawa fundi redio mwenye chuma cha kulehemu anaweza kuvibadilisha pasipo kuigusa mbao inayolaumiwa.