Mali bila Daftari

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Maji ya Ziwa Victoria ni mali ya Tanzania, Uganda na Kenya. Na mto Kagera, ulio mkubwa kupita mito yote iingiayo humo, chanzo chake ki Rwanda na Burundi. Daftari la mali hiyo li wapi, nani alisomaye?

Twauliza kwa ajili ya wafanyakazi wa Shinyanga na Kahama. Tangu mwaka 2009 miji hiyo ya nchi kavu hunywa maji yavutwayo kwa bomba kutoka Ihelele, wilayani Misungwi. Ziwa hilo hilo hupokea vijito vya Geita, ambako wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki. Zebaki ikifika majini hutua topeni, ikageuzwa na vijidudu kuwa sumu kali zaidi, kisha ikaingia katika samaki. Samaki huyo hana rangi wala harufu ya kumwonya mlaji. Kipimo tu ndicho kiwezacho kuifichua.

Hatuwalaumu wachimbaji. Wao ndio wa kwanza kuvuta moshi wa zebaki waichomapo. Tanzania iliporidhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 ilijifunga kupunguza matumizi yake. Basi wapewe mafunzo na vifaa, si kufukuzwa tu.

Wala kupima kwa pamoja si jambo geni. Ziwa lilipopanda zaidi ya meta mbili baina ya 1961 na 1964, likameza mashamba na magati, nchi zetu zilikubaliana, na mwaka 1967 zikaanza kupima kwa pamoja mvua, mito na ziwa lenyewe. Leo iko Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, Kisumu, na itifaki ya mwaka 2003 yazitaka nchi zibadilishane takwimu.

Wako wasemao hesabu za maji ni siri ya taifa. Siri gani hiyo, ambayo mto huivusha mpakani usiku na mchana? Aifichaye humficha mwananchi wake mwenyewe.

Kwa hiyo twasema: vipimo viwe vya namna moja katika nchi zote, vipelekwe kwa jirani bila kungoja maafa, na vibandikwe kwa Kiswahili katika ofisi za vijiji vya Geita na mitaa ya Shinyanga. Ndugu wanachama, katika mikutano yenu ulizeni hesabu hiyo. Anywaye maji ana haki ya kujua anywacho.