Bata Bukini na Kosa la Mlezi

Ipo kauli moja niliyoisikia mara nyingi barazani, na mara mbili tatu nimeisikia hata katika vinywa vya watu waliosoma: kwamba bata bukini ni ndege mjinga na mkali, na kwamba ukimjua mmoja umewajua wote. Kauli hii husemwa kwa wepisi kama itolewavyo salamu, wala hapana atakaye ithibitishwe. Nakusudia kuipinga. Siipingi kwa kuwa ndege huyo hana watetezi, bali kwa kuwa kauli yenyewe ina madhara. Kwa ajili yake mabata huchinjwa kwa makosa yaliyotendwa na wenye kuwafuga, na mfugaji akabaki na moyo mweupe na kitoweo mezani.

Tuanze na jina, maana jina ndilo shahidi anayeitwa kwanza. Bukini ni jina la zamani la Kiswahili la kisiwa cha Madagaska. Basi ndege huyu tangu kale tunamwita kama mgeni aliyetoka ng'ambo ya bahari. Wazungu nao wanaye bata bukini wamwitaye bata wa Afrika, mwenye nundu juu ya mdomo na ngozi iningíniayo chini ya kidevu, walakini asili yake si Afrika kabisa bali ni Asia ya Mashariki. Mabata bukini wanaofugwa duniani wana nasaba mbili: moja ya bata wa kijivu wa Ulaya, na nyingine ya bata mwenye shingo ndefu wa Uchina na nchi jirani zake. Ikiwa jina laweza kukosea hata nchi alikotoka ndege, yafaa tusiliamini upesi litakapotuambia tabia yake.

Lugha yetu, hata hivyo, ilikuwa na busara katika jambo moja. Twasema kiti kimevunjika, mti umeanguka, jiwe limebingirika. Lakini bata amekufa, kama tusemavyo mtu amekufa. Najua mwanafunzi wa sarufi atanijibu kuwa mbu na kupe nao wamo katika ngeli hiyo hiyo. Ni kweli. Ngeli haigawi akili wala cheo. Yatupa jambo dogo zaidi, nalo ni kwamba tunapomtaja mnyama twamtaja mtenda, yule afanyaye jambo yeye mwenyewe. Tukitaka kumtweza twamwita libata, ili kwanza tumtoe katika ngeli yake ndipo tumpige. Asiyeona dharau katika badiliko hilo hajapata kuisikiliza lugha yake.

Kosa letu, nadhani, limetoka katika hadithi. Tumelelewa na sungura mjanja, fisi mlafi na simba mwenye kiburi, nami sizilaumu hadithi hizo. Zimefunza watu wengi. Lakini fisi wa hadithi ni ulafi uliovikwa ngozi, na ndani ya ngozi ile hamna fisi. Msimulizi alijua hivyo, na wasikilizaji walijua. Sisi tuliosoma ndio tuliosahau. Tumetoka uwanja wa hadithi tukaingia ua wa nyumba, tukadhani kwamba kila ndege aliyemo amepewa neno moja la kumweleza, na neno la bata bukini likawa ukali.

Sasa nitasema niliyoyaona kwa macho yangu. Bata mmoja wa kwetu alilalia mayai kwa siku thelathini hivi, dume lake likisimama karibu usiku na mchana. Walianguliwa vifaranga watatu, ambao baadaye tuliwaita Jumbe, Sikujua na Chausiku. Walikula majani na pumba zile zile, wakaoga katika karai lile lile, wakalala katika banda moja. Kama kauli ya barazani ingekuwa kweli, watatu hao wangekuwa kitu kimoja chenye miguu sita. Haikuwa hivyo. Sikujua hakuweza kuona kitu kigeni asikijaribu: kamba za viatu, vifungo vya kanzu, ufunguo uliosahauliwa mlangoni. Chausiku alikuwa wa mwisho kufika penye chakula na wa kwanza kuondoka. Lakini yeye ndiye aliyegeuza kichwa ubavu, akatazama mbinguni kwa jicho moja, na mwewe akaonekana baada ya hapo. Jumbe aliwatisha watu wazima na kuwaacha watoto, ila mwavuli ulipofunguliwa alikimbilia nyuma ya dada zake. Mwaka ulipita, na mwaka wa pili. Walikua, manyoya yakabadilika, tabia hazikubadilika. Kwa Kiswahili jambo hilo lina jina: ni hulka.

Nikiulizwa kama macho ya mfugaji mmoja yatosha, nitasema hayatoshi. Lakini hayako peke yake. Huko Grünau, katika nchi ya Austria, kipo kituo kilichoanzishwa mwaka 1973 ambako kundi la mabata wa kijivu huishi huru na kila mmoja hujulikana kwa alama yake. Watafiti wa huko wameona kuwa tofauti za ushupavu na ugomvi baina ya bata na bata hudumu, wala si mambo ya siku moja. Tena waliweka ndani ya miili ya baadhi yao vyombo vidogo vya kupima mapigo ya moyo. Ikaonekana kwamba bata anayetazama ugomvi tu, bila ya kuuingia, moyo wake hupiga kwa kasi zaidi ikiwa mwenzi wake au jamaa yake yumo ugomvini kuliko wakigombana wengine. Huyo ndiye ndege tuambiwaye kuwa hajui lolote ila kuuma.

Nakuja sasa kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, nami ningependa kulinyamazia. Katika kiota kile lilibaki yai la nne. Mama aliondoka na wale watatu, kama ilivyo desturi ya mabata, akaliacha. Nililisikia likilia kwa ndani. Nililitia kapuni karibu na taa, na usiku kifaranga akatoka, akaniona mimi. Tulimwita Pweke. Alinifuata kisimani, akalala chini ya kiti changu nilipokuwa nikisoma, na nikitoka chumbani alilia mpaka nirudi. Nilijisifu kwa wageni kwamba nina bata anayependa watu. Alipozitafuna ncha za vidole vyangu nilicheka, na wageni wakacheka.

Mwaka wa pili, majira ya kutaga yalipofika, Pweke alikuwa dume kamili. Akaanza kunilinda. Aliinamisha shingo hata ikakaribia ardhi, akaachama na kutoa mvumo kama wa nyoka, kisha akamrukia kila aliyenikaribia: kwanza mke wangu, halafu mwanangu, aliyetoka na jeraha la mdomo mkononi na pigo la kifundo cha bawa juu ya goti. Kila alipomfukuza mtu alirudi kwangu mbio, shingo imenyooka, akipiga kelele za furaha kama dume alirudiavyo jike lake. Mimi sikuielewa lugha ile. Nilisema, kama walivyosema wote, kwamba huyu amezaliwa mbaya. Tulimchinja Ijumaa, na nyama yake tuliila.

Msomaji na apime. Baba mmoja, mama mmoja, kiota kimoja. Watatu waliolelewa na wazazi wao walitofautiana kwa hulka, wala hapana hata mmoja aliyemwumiza mtoto. Wa nne, niliyemlea mimi, ndiye aliyechinjwa kwa ukali. Bata mmoja hawezi kuwa msingi wa elimu, nakubali. Lakini yaliyompata yanalingana na yale yaliyoandikwa zamani. Mjerumani Oskar Heinroth alieleza mwaka 1911 jinsi kifaranga aliyeanguliwa mbele ya mtu humshika mtu huyo kuwa mzazi wake, na Konrad Lorenz wa Austria aliendeleza uchunguzi huo mpaka akashiriki tuzo ya Nobel mwaka 1973. Wafugaji wa nchi nyingi nao wajua kwamba dume lililolelewa peke yake mikononi mwa watu hupoteza hofu ya watu, na likikomaa huwahesabu watu kuwa wenzi wake au wapinzani wake. Pweke hakuwa mwovu. Alikuwa mwaminifu kwa jamaa ambayo mimi nilimpa, nami nilimwua kwa uaminifu wake.

Najua mashtaka yatakayoletwa juu yangu. La kwanza ni kwamba namvika ndege kanzu ya mtu. Nami naiogopa hatari hiyo kuliko wanavyodhani washtaki wangu, kwa kuwa Lorenz huyo huyo aliyeyaona mengi kwa mabata ni mfano wake. Alijiunga na chama cha Wanazi mwaka 1938, na mwaka 1940 aliandika kwamba kama vile ufugaji unavyowaharibu wanyama, ustaarabu nao unawaharibu wanadamu. Maneno yaliyowafaa watu waliokuwa wakitafuta visingizio vya kuwachuja binadamu wenzao. Alitoka bandani akaenda kuwahukumu watu kwa sheria ya banda. Mimi siombi safari hiyo, wala ile ya kwenda upande wa pili. Sisemi kwamba Sikujua alikuwa na falsafa au kwamba Chausiku alikuwa na haya. Nasema alitenda hivi leo, na kesho, na mwaka uliofuata, na ndugu yake hakutenda hivyo. Huko si kumvika kanzu, ni kumtazama.

Shtaka la pili ni la wale wasemao kuwa katika nchi yenye wenye njaa ni aibu kujadili tabia za bata. Hawa nawaheshimu, lakini hawanishindi. Sikuharamisha kula bata. Nilimla Pweke, na nikijaliwa nitakula wengine. Mwenye kumla bata kwa njaa simlaumu. Namlaumu anayemla kwa kisingizio, anayemharibu kwanza kwa malezi, kisha akamsingizia uovu, kisha akajiita mwenye haki. Mtu aliyezoea kuhukumu hivyo uani hataiacha desturi hiyo akiingia darasani au mahakamani.

Shtaka la tatu ni kwamba bata hufaa kwa ulinzi tu, na mlinzi sharti awe mkali. Hadithi ya Warumi husema kwamba mwaka 390 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa adui walipopanda usiku kilima cha Capitolium, mbwa walinyamaza, na mabata wa mungu wao Juno wakapiga kelele hata Marcus Manlius akaamka na mji ukaokoka. Kule Dumbarton, Scotland, maghala ya wiski yalilindwa na mabata bukini kwa zaidi ya miaka 50 tangu mwaka 1959. Lakini yatazameni vema masimulizi hayo. Mabata wa Roma walipiga kelele; walioshika panga ni watu. Ulinzi wa bata ni masikio yake, macho yake, na kutokunyamaza kwake amwonapo mgeni, na hayo anayo kila bata aliyelelewa na wenziwe. Hauhitaji mtoto aliyejeruhiwa.

Kwa hiyo nawaambia wafugaji maneno machache yasiyo na mapambo. Usimlee kifaranga mmoja peke yake. Ukilazimika, mtafutie wenziwe siku zile zile za kwanza. Usimwache azitafune ncha za vidole vyako kwa mchezo, kwa sababu utakaloliita mchezo mwezi wa kwanza utaliita shambulio mwaka wa pili. Jifunze dalili zake: shingo iliyosimama wima ni tahadhari, shingo iliyoinama mbele yako ni onyo. Aliyeonya hakuvizia, naye mwenye kupuuza onyo asilalamike kuwa amevamiwa. Tena, kabla ya kunoa kisu kwa ajili ya bata mkali, uliza alianguliwa mbele ya nani.

Na kwa wanafunzi, ambao wataandika vitabu vitakavyosomwa sisi tukiisha kuondoka, nina ombi moja. Mkimwandika mnyama, msimwandike kwa neno mlilorithi. Kaeni naye kwanza, mkajue kama huyu mliye naye ndiye yule mliyesimuliwa. Wahenga walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo twaitumia kila siku tukimkemea mzazi wa mtoto mtukutu, wala hapana kati yetu aliyeisikia ikisema kwamba haimhusu mlezi ikiwa mwana ana manyoya. Mimi niliipuuza, na kapu lile alimoanguliwa Pweke lingali jikoni kwetu. Hutiwa vitunguu siku hizi.