Miaka 20 ya Mahakama ya Afrika: Nani Anamlipia Mnyonge Nauli?

Mwaka huu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inatimiza miaka 20. Majaji wake 11 wa kwanza waliapishwa Banjul, Gambia, Julai 2006, na mwaka uliofuata makao yakahamishwa kutoka Addis Ababa kuja Arusha, kwenye majengo ya TANAPA barabara ya Dodoma. Jiji lililokaa miaka 20 na mahakama ya mauaji ya Rwanda halishtuki kuona msafara wa majaji. Lakini hii ya pili ilikuja na jambo geni kwetu: mkulima, mfungwa au mfugaji anaweza kuishtaki serikali yake, akasikilizwa na majaji ambao serikali hiyo haikuwateua peke yake.

Tunaipongeza kwa moyo mweupe, kwa kuwa kazi yake inaonekana. Hukumu yake ya kwanza iliyoingia katika kiini cha madai ilitoka Juni 2013, na iliihusu Tanzania: Mchungaji Christopher Mtikila, pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, walishinda katika suala la mgombea binafsi. Novemba 2015 ikaamua kwamba mtu aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha alistahili kupewa wakili bila malipo, na hakupewa. Mei 2017 Waogiek wa msitu wa Mau wakaishinda serikali ya Kenya, na Juni 2022 Mahakama ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 za Kenya. Kulipwa kwenyewe ni hadithi nyingine, na si ya kujivunia.

Sasa tuulize jambo ambalo hotuba za maadhimisho hulipita haraka. Kufungua shauri hapa ni bure. Wakili si bure. Wala si bure kutafsiri jalada la kesi, kula viapo, kumfuata shahidi kijijini, kupiga chapa kurasa mia kadhaa. Ukifunua mashauri mengi makubwa utakuta nyuma yake asasi inayoishi kwa ruzuku. Shauri la Waogiek lilianza Novemba 2009 mbele ya Tume ya Afrika, likibebwa na asasi za Kenya na shirika moja la London. Kutoka hapo hadi hukumu ni karibu miaka minane, na hadi amri ya fidia ni zaidi ya 12. Aliyewahi kuandika andiko la mradi anajua wafadhili hutoa miaka miwili au mitatu, tena kwa ripoti ya kila robo mwaka. Utaandika nini kwenye kisanduku cha "matokeo" wakati majaji bado wanasoma nyaraka?

Wapo wanaosema fedha hizo ni za mabeberu, na mwenye kuzipokea huimba wimbo wa aliyetoa. Hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama wanaoitoa wasingekuwa na miradi ya wizara inayolipiwa na balozi zilezile. Udhaifu halisi wa ruzuku ni kukatika. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, asasi nyingi za Afrika Mashariki ziliamka bila bajeti, na mashauri yaliyokuwa mikononi mwao hayakusimama kuzisubiri.

Chini ya mlima Meru kuna kumbukumbu inayofaa kwa mjadala huu. Novemba 1951 serikali ya Waingereza ilianza kuwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, ili ardhi yao igawiwe mashamba 13 ya walowezi. Wameru walichangishana, wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mjini New York mwaka 1952. Wakili aliyesimama nao, Earle Seaton, alikuwa na ofisi Moshi lakini alizaliwa Bermuda. Kura ya Baraza Kuu haikufikia theluthi mbili. Hata hivyo dunia ilikwishasikia, na Kirilo akawa Mtanganyika wa kwanza kuzungumza katika umoja huo, miaka mitatu kabla ya Nyerere. Mfadhili hakuwepo.

Tusiipambe mno habari hiyo. Jamii iliyofukuzwa kwa pamoja inaweza kuchangishana. Mfungwa aliye peke yake hana wa kumchangia, wala mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake. Ndiyo maana Umoja wa Afrika ulipitisha Januari 2016 kanuni za Mfuko wa Msaada wa Kisheria kwa vyombo vyake vya haki za binadamu. Kwenye karatasi ni jambo zuri sana. Tatizo ni kwamba unategemea michango ya hiari, na serikali zinazoshtakiwa hapa hazina haraka ya kumlipia anayezishtaki. Pengo hilo wamelishika kwa kiasi mawakili wa kujitolea, na Umoja wa Mawakili wa Afrika, PALU, wenye makao hapa hapa Arusha, umewasimamia wafungwa wengi wa Tanzania. Wanastahili kukaa mstari wa mbele siku ya sherehe, hata kama mstari huo umezoea mabalozi.

Tungependa sherehe hizo zitoke na orodha: nchi ipi imeuchangia Mfuko, na kiasi gani. Kila nchi mwanachama ikisomwa kwa jina, hiari itapata msukumo kidogo.

Na kwa mwenyeji kuna deni la ziada. Tanzania, nchi iliyoshtakiwa hapa mara nyingi kuliko nyingine yoyote, iliondoa Novemba 2019 tamko lake la mwaka 2010 lililowaruhusu wananchi na asasi kuja moja kwa moja, na tangu Novemba 2020 mashauri mapya ya namna hiyo hayapokelewi. Mkazi wa Sakina anaweza kupita mbele ya lango la Mahakama kila asubuhi akienda kazini, na hana ruhusa ya kuishtakia humo serikali yake. Kulirudisha tamko hilo kunahitaji barua moja kwenda Addis Ababa, na gharama yake haihitaji mfadhili.