Koti la mvua la kamera: usinunue namba, nunua utando

Leo tuweke programu pembeni kidogo. Masika yakikaribia huwa naulizwa swali lile lile na wapiga picha wa hapa Mombasa: ninunue koti gani la mvua kwa kamera yenye lenzi ndefu, zile za milimita 150 hadi 600? Jibu langu ni fupi. Nunua litakalodumu kabatini. Mvua yenyewe ni mtihani mwepesi.

Kwanza, je, koti linahitajika kweli? Watengenezaji wengi huandika kwamba kamera yao inahimili hali ya hewa. Maneno hayo hayana kipimo. Kipimo kipo, kinaitwa IEC 60529, ndizo zile herufi IP na tarakimu mbili unazoziona kwenye maelezo ya simu. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Kamera chache sana hutaja namba hiyo. OM System OM-1 ya 2022 ni mojawapo, nayo ni IP53. Ile 3 ya mwisho maana yake ni maji ya kunyunyizwa hadi nyuzi 60 kutoka wima. Sasa nenda kasimame Mama Ngina mwezi Mei, kusi ikivuma kutoka baharini, halafu uniambie mvua ile inakuja kwa nyuzi ngapi. Tena inakuja na chumvi.

Zamani wengi walitumia mfuko wa nailoni wa dukani na mpira wa kufungia. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ile imepigwa marufuku Kenya, na kwa upande wa kamera sioni hasara. Ilikuwa kiraka cha dakika mbili ambacho watu walikigeuza kuwa mfumo.

Basi ukienda kununua, utaonyeshwa namba: milimita 1,500, 3,000, hata 10,000. Huo ni urefu wa nguzo ya maji ambayo kitambaa kinaweza kubeba kabla hakijaanza kupitisha matone. Mimi simpingi muuzaji. Ila namba hiyo hupimwa kitambaa kikiwa kipya. Haikuambii lolote kuhusu mwaka wa tatu, na mwaka wa tatu ndio unaotuhusu.

Makoti mengi ya bei nafuu ni nailoni au poliesta iliyopakwa utando wa poliyurethini kwa ndani. Utando huo ukikaa kwenye joto na unyevu, molekuli zake huvunjwa na maji polepole, hata kama koti halijanyeshewa. Wanakemia wanaita haidrolisisi. Mwenye hema au mkoba wa zamani anaijua: kitambaa kinanata, kinatoa harufu kali ya uchachu, kisha utando unabanduka kama ngozi ya nyoka. Nairobi koti hilo linaweza kujitahidi. Hapa kisiwani, ambako unyevu wa hewa mara nyingi uko juu ya asilimia 70 na kabati ni joto mchana na usiku, linazeeka likiwa limekunjwa. Siku utakapolihitaji, utafungua kitu cha kunata na kukiweka juu ya lenzi iliyokugharimu akiba ya miaka.

Kwa hiyo uliza swali moja kabla ya bei: limepakwa nini? Kama ni silikoni pande zote mbili, una kitu cha kudumu, maana silikoni haivunjwi na unyevu namna hiyo. Ubaya wake ni kwamba linateleza, bei iko juu, na utepe wa kuzibia mishono haushiki juu ya silikoni, kwa hiyo mara nyingi utaziba mwenyewe. Kama muuzaji hajui limepakwa nini, chukulia kuwa ni poliyurethini.

Swali la pili ni la watu wa programu: linakufunga kwa mtengenezaji mmoja? Kuna makoti yanayotaka kipande maalumu cha jicho la kamera kwa kila aina ya kamera. Ukibadilisha kamera, unanunua kipande kingine, kama bado kinatengenezwa. Mimi napendelea bomba la kitambaa lenye kamba ya kukaza kila upande. Kamba haijui chapa. Zipu nayo naiogopa, kwani kwa chumvi yetu ndiyo huanza kukwama.

Mombasa tuna njia ya tatu. Tazama mapazia yanayofunga ubavu wa tuktuk mvua inaponyesha. Turubai la PVC linashinda juani na kunyeshewa, na fundi analishona kwa cherehani ya kawaida. Mwambie akushonee bomba lenye urefu wa lenzi na kamera pamoja, kamba ikazwe nyuma kidogo ya ukingo wa hudi, mshono ukae upande wa chini. Ni zito, lina kelele, na jua litalikakamaza siku moja. Ila ukiwa umeweka lenzi kwenye tripodi ukisubiri meli iingie Kilindini, uzito si hoja. Ndani ya Mji wa Kale ni tofauti: pale Ndia Kuu unaruka kutoka roshani moja hadi nyingine, na unataka kitu chepesi cha kuvaa kwa sekunde kumi.

Lolote utakalochagua, lijaribu nyumbani. Vika chupa karatasi za shashi, ivalishe koti, imwagie maji kutoka ubavuni kwa dakika kumi. Shashi ikilowa, angalia mshono kwanza, maana kila tundu la sindano ni mlango. Kitambaa cha silikoni kizibe kwa silikoni, turubai kwa gundi ya PVC.

Na ukitoka mvuani, futa bomba la lenzi kabla ya kulirudisha ndani, la sivyo linaingia na maji. Suuza koti kwa maji baridi yasiyo na chumvi, likauke kivulini, litundike bila kulikunja. Usilihifadhi na kamera. Kamera iwe kwenye sanduku linalofunga vizuri pamoja na silika jeli, kwa sababu kuvu ya kwenye vioo haingoji masika.

Namba kubwa kwenye lebo ni ahadi ya siku ya kwanza tu. Lipia ile ya mwaka wa tatu.