Rangi ya Bahari Isiletwe Ziwani

Hapa Mhunze, penye pamba na vumbi, bahari hatuna; lakini dagaa na sangara wa Ziwa Victoria tunawala. Kwa hiyo rangi ipakwayo chini ya boti inatuhusu.

Katika maji ya uvuguvugu ya mwambao wetu, chaza na mwani huota upesi chini ya chombo, na wadudu huutoboa ubao. Mabaharia wa kale walikipandisha ufukweni maji yalipokupwa, wakakiparuza, wakakichoma kwa moto wa makuti, kisha wakakipaka deheni ya chokaa na mafuta. Viwanda vikaleta rangi za shaba, na baadaye za mchanganyiko wa bati, ambazo ziliua hata wasiokusudiwa: huko Arcachon, Ufaransa, chaza wa kufugwa waliharibika katika miaka ya 1970. Ufaransa ilianza kuizuia rangi hiyo mwaka 1982. Mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ulianza kutumika mwaka 2008.

Rangi ya shaba ingali halali, na baharini ina kazi. Lakini viumbe hao wa chumvi hawaishi katika maji baridi. Ziwani huota zaidi ute na majani, na hayo brashi ngumu huyaondoa. Mwenye boti wa Mwanza au Nkome anunuaye kopo la rangi ya bahari analipia sumu asiyoihitaji, nayo shaba huwadhuru samaki.

Tunawaomba wenye maduka wamwulize mteja chombo chake kitaelea wapi. Na boti ya zamani inapokwanguliwa, maganda ya rangi yakusanywe juu ya turubai kabla mvua haijayasomba.