GARI LA WAGONJWA LIPIMWE KWA KAZI YAKE

Gari jipya la wagonjwa likiletwa wilayani twapiga vigelegele na ngoma, na wakubwa hupigwa picha wakikabidhi ufunguo. Si vibaya. Lakini rangi nyeupe na king'ora havimponyi mtu. Tangu Uhuru wa mwaka 1961 tumetangaza vita juu ya ujinga, umaskini na maradhi, na askari haendi vitani na bunduki asiyoijaribu. Basi sisi twasema: gari hili nalo lipimwe.

Kwanza, lipimwe kwa dakika. Mama aliyejifungua akitokwa na damu nyingi aweza kufa katika muda wa saa mbili, hata kama alikuwa mzima kabisa. Kwake yeye, gari lifikalo baada ya saa tatu ni sawa na gari lisilokuwapo. Kwa hiyo liwepo daftari la kuandika saa ya kuitwa, saa ya gari kuondoka, saa ya kumfikia mgonjwa na saa ya kumkabidhi hospitali. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na maisha ya mtu yapita mali.

Pili, lipimwe kwa vilivyomo. Mtungi wa oksijeni uwe na hewa, usiwe pambo. Machela iwe na mikanda, tena isafishwe kwa dawa kila baada ya safari, ili mgonjwa wa leo asirithi maradhi ya mgonjwa wa jana. Zaidi ya yote, awepo muuguzi au tabibu ubavuni mwa mgonjwa. Bila mtu huyo, gari ni teksi yenye king'ora.

Tatu, lipimwe kwa usalama wa njiani. King'ora huomba njia. Hakinyooshi kona wala hakizuii gari kupinduka. Matairi yakaguliwe, na dereva apate usingizi. Wala gari hilo lisionekane likibeba magunia ya mkaa, au wakubwa waendao mkutanoni.

Wako watakaosema nchi ni pana, magari ni machache, tushukuru tulicho nacho. Hoja hiyo ni nusu ya kweli. Tazameni mpango wa m-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga, ukazinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022 kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mtu hupiga simu 115 bila malipo; gari la wagonjwa lisipopatikana, huitwa dereva wa huko huko aliyekwisha kuandikishwa, naye hulipwa kwa simu. Hapa akili imefika mahali ambapo magari yalikuwa hayajafika.

Uchunguzi wa taifa wa 2015-16 ulionyesha vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulionyesha 104. Hatusemi magari peke yake yameleta nafuu hii. Wakunga, damu salama na vyumba vya upasuaji vina sehemu yao. Lakini twajua tumesonga mbele kwa sababu tulihesabu. Je, mkulima aliyevunjika mguu, au mtoto wa miaka sita mwenye malaria kali, safari yake nani anaihesabu?

Basi kila tawi, katika mkutano wake ujao, limwombe mganga mfawidhi awasomee wananchi daftari la gari, saa tu, bila majina, maana siri ya mgonjwa ni yake mwenyewe. Tuulize pia fedha za mafuta zatoka wapi, na gari likiharibika nani hulitengeneza. Tusiende kuwagombeza dereva na muuguzi. Mara nyingi wao ndio wanaobeba upungufu ambao si wao walioufanya. Twende tujue kinachopungua, kisha tukidai kwa halmashauri mpaka kipatikane.

Kuuliza si uasi. Gari limenunuliwa kwa ajili ya wananchi, na siku ya shida hakuna ajuaye ni nani atakayelazwa juu ya machela ile.