Laptopu kuukuu: fedha isikimbilie prosesa

Katika maduka ya kompyuta za mtumba ya Kariakoo, na kwa mafundi wa vichochoroni wanaoyazunguka, ipo biashara ndogo isiyotajwa katika taarifa za bei za kila wiki, lakini inayomeza fedha za vijana wengi. Mteja anafika na laptopu yake yenye umri wa miaka kumi na zaidi, analalamika kwamba gemu inakwama, na jibu analopewa ni moja: "Badili prosesa, weka i7." Anatoa fedha, anaondoka na furaha, na usiku gemu inakwama pale pale.

Safu hii haina ugomvi na mafundi. Wengi wanaijua kazi yao kuliko sisi tunaoiandika. Lakini ushauri huo, unapotolewa kwa kila apitaye, ni mbaya kibiashara, na anayeumia ni mtu ambaye mara nyingi laptopu hiyo hiyo ndiyo inayompa ugali. Mchana inachapa barua za watu na wasifu wa wanaotafuta kazi. Usiku ndipo inapogeuka uwanja wa mpira. Ikifia mezani kwa fundi, haifi gemu peke yake.

Tuchukue mashine inayofahamika na wengi, ThinkPad T430 ya mwaka 2012. Ni laptopu ya kiofisi, iliyotengenezwa kwa ajili ya makampuni na baadaye ikaingia katika mkondo wa mitumba. Nyingi zilitoka na prosesa ya Intel Core i5-3320M yenye viini viwili, mwendo wa gigahezi 2.6 unaopanda hadi 3.3, na matumizi ya wati 35. Prosesa hiyo haikulehemiwa kwenye mazabodi. Imekaa katika soketi, kwa hiyo hutolewa ikawekwa nyingine. Anayeshauri i7 kwa kawaida anafikiria Core i7-3720QM, yenye viini vinne na mwendo unaofika gigahezi 3.6. Ilipotoka mwaka 2012 Intel iliiorodhesha kwa dola 378. Leo inauzwa kwa sehemu ndogo tu ya fedha hiyo, na hapo ndipo kishawishi kilipo: kitu kilichokuwa cha wakubwa sasa kinashikika na kila mtu.

Swali ambalo mnunuzi haulizi ni gemu inakwamia wapi. T430 nyingi hazina kadi ya picha inayojitegemea. Picha zote huchorwa na HD Graphics 4000, kifaa kilichomo ndani ya prosesa yenyewe. Sasa ukiitoa i5-3320M ukaweka i7-3720QM, unapata HD Graphics 4000 ile ile, na tofauti ya mwendo wake kati ya prosesa hizo mbili ni ndogo mno kwa macho kuiona. Mchoraji ni yule yule. Ni sawa na kuongeza makarani wawili ofisini wakati foleni yote iko dirishani kwa keshia.

Anayebisha na atazame yale ambayo watengenezaji wa gemu wenyewe waliandika. Grand Theft Auto V ilipotolewa kwa kompyuta mwezi Aprili 2015, walipendekeza prosesa ya Core i5-3470, ambayo ni ya kizazi kile kile cha T430 ingawa ni ya kompyuta za mezani, pamoja na kadi ya picha ya GeForce GTX 660 yenye GB 2. Yaani kwa upande wa prosesa mashine ya 2012 haikuwa mbali, lakini kwa upande wa picha haikukaribia. Kwa wapenzi wa soka hali ni ngumu zaidi: EA Sports FC 24 ya mwaka 2023 ilitaka, kama kiwango cha chini kabisa, kadi ya GeForce GTX 1050 Ti yenye GB 4. Hakuna prosesa itakayoingia katika soketi ya T430 ikakuletea kadi hiyo.

Ipo hadaa nyingine, na hii ni ya jina. Watu wengi wanaamini "i7" maana yake ni viini vinne. Si hivyo. Core i7-3520M, ambayo nayo inaingia T430, ina viini viwili tu, na mwendo wake ni gigahezi 2.9 hadi 3.6. Anayetoka i5-3320M kwenda i7-3520M amelipia gigahezi 0.3 na stika mpya. Herufi za mwisho ndizo za kusoma: QM ndiyo yenye viini vinne katika kizazi hicho. Katika ThinkPad T440 ya kizazi kilichofuata utaikuta i7-4600U, ambayo nayo ni ya viini viwili, ya wati 15, na imelehemiwa kabisa. Mwenye T440 hana la kubadili. Mwenye T440p, yenye herufi moja tu ya ziada, ana soketi. Kuanzia kizazi cha tano, kilichoenea mwaka 2015, Intel iliacha kabisa kutoa prosesa za soketi kwa laptopu. Fundi anayeahidi kuing'oa iliyolehemiwa kwa bloa na kurudisha nyingine anacheza kamari, na dau ni mali yako.

Hata penye soketi, kuingia si kufanya kazi. ThinkPad T420 ya mwaka 2011 ina soketi ya umbo lile lile, lakini programu yake ya kuwashia haikuandaliwa kuzitambua prosesa za 2012. Halafu kuna joto. Kutoka wati 35 kwenda 45 ni ongezeko zaidi ya robo, na kazi ya kuliondoa joto hilo inabaki kwa feni ile ile ambayo imekula vumbi la miaka kumi na tatu. Prosesa ikichemka hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na mwenye nayo anabaki akishangaa mbona viini vinne vinaenda kama viwili. Ukiwa na chaja ndogo ya wati 65, na betri nayo imechoka, unaongeza tatizo jingine juu yake.

Tufanye hesabu, kwa mfano tu. Tuseme laptopu yako ukiipeleka sokoni leo utapewa shilingi 300,000. Prosesa ni 120,000 na ufundi 30,000. Umeweka 150,000 ndani ya mali ya 300,000. Je, yupo mnunuzi atakayekupa 450,000? Hayupo. Anayenunua mtumba anatazama kioo, betri, kibodi na umri wa mashine, na hizo 150,000 hazionekani. Msimamo wetu ni kwamba matengenezo yanayozidi theluthi ya bei ya laptopu yafanywe tu pale yanapoirudisha mashine kazini, si kwa mchezo.

Kama fedha inawasha mfukoni, iko njia bora ya kuitumia. Fungua kifuniko cha chini utazame RAM. T430 ina nafasi mbili, na mashine nyingi za mtumba huja na kipande kimoja. HD Graphics 4000 haina kumbukumbu yake, inakopa RAM ya kompyuta. Kipande kimoja cha DDR3-1600 kinapitisha GB 12.8 kwa sekunde. Vipande viwili vinavyolingana vinapitisha 25.6. Hapa mchoraji mwenyewe ndiye anayeongezewa chakula, na gemu nyepesi na za zamani zitaonyesha nafuu ambayo i7 isingeileta. Kinachobaki nunua diski ya SSD. Haitaongeza kasi ya picha ndani ya mchezo, lakini mashine itawaka haraka na gemu itafunguka bila kukuacha ukipika chai. Na muhimu kuliko yote kwa mwenye biashara, ukihama laptopu unahama na SSD yako. Prosesa ya T430 haihami nawe kwenda mashine mpya.

Wapo wanaostahili kubadili, tusiwanyime haki yao. Mwenye T440p iliyotoka na kadi ya GeForce GT 730M, prosesa yake ikiwa ya viini viwili, anaweza kupata faida, kwa kuwa mchoraji wake yuko pembeni na prosesa inabaki na kazi yake. Vivyo hivyo anayecheza Football Manager, ambayo kazi yake kubwa ni hesabu za mechi na wachezaji, au anayehariri video mchana na kucheza usiku. Huyo wa video viini vinne vitamrudishia fedha kwa muda anaookoa, hata asipogusa gemu. Ndugu msomaji ajipime kwa ukweli yuko kundi gani. Njia ya kupima ni rahisi: punguza ukubwa wa picha ndani ya gemu hadi chini kabisa. Mchezo ukianza kwenda vizuri, mgonjwa ni picha. Ukibaki na mwendo ule ule wa kukwama, hapo prosesa inaweza kushukiwa.

Kuna jambo ambalo hata prosesa bora ya kizazi cha tatu haiwezi kulibadili. Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inazitambua rasmi prosesa za kizazi cha nane na kuendelea. Zipo njia za kupenya, na Linux iko wazi kwa yeyote. Lakini anayetaka kuweka fedha nyingi katika mashine ya 2012 ajue anajenga kwenye kiwanja ambacho hati yake imeisha. Kama dhamira ni gemu za miaka hii, 150,000 zile ziwekwe kando ziwe za kwanza katika kibubu cha laptopu yenye kadi yake ya picha.

Aliyekwisha kuamua kubadili, basi anunue kwa masharti. Prosesa aione kwa macho kabla haijafungwa; ikiwa imeandikwa "Intel Confidential" hiyo ni ya majaribio ya kiwandani, haikukusudiwa kuuzwa, na aiache. Aandikiwe risiti yenye namba kamili ya prosesa, pamoja na herufi zake. Feni isafishwe na dawa ya joto ipakwe mpya siku hiyo hiyo. Mashine ijaribiwe dukani kwa nusu saa ikiwa na mzigo, si dakika mbili za kuwaka. Na prosesa ya zamani arudishiwe mkononi, maana hiyo ni mali yake, na ikitokea ile mpya imegoma baada ya wiki, ndiyo itakayoirudisha laptopu kazini Jumatatu.